Bwana Afya wa Bonde la Maji Moto

Baiskeli yake haikuwa na kengele. Alikuwa anakohoa. Akifika kwenye kona ya kibanja chako, pale migomba inapoanza, alikohoa kwa nguvu kama mtu aliyepaliwa na unga, na nyumba nzima ikatawanyika. Huyu anakimbilia chooni na ufagio, huyu anafunika mtungi wa maji, huyu anafukuza kuku jikoni. Kisha ndipo unasikia, "Hodi hapa," na ukitoka mlangoni kumpokea humkuti. Ameshazunguka nyuma ya nyumba. Ilibidi umpe shikamoo yako mkiwa mmesimama mbele ya choo.

Tulimwita Bwana Afya. Jina lake nalijua, ila hata mkewe, mwalimu aliyefundisha mbali na kuja kwetu shule zikifungwa, alimwita hivyo hivyo mbele za watu, na sioni kwa nini mimi nianze leo kumwita vingine. Alikotoka sikuwahi kumuuliza. Wengine walisema Ngara, wengine Biharamulo. Kinyambo chake, lugha ya huku kwetu, kilikuwa kibovu na Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, na vyote viwili alivisema polepole.

Mimi nilizaliwa Nyaishozi. Baba yangu alitoka Burundi akiwa kijana, akaja kuchuma kahawa za watu, akabaki. Nilipoolewa nilihamia Kyerwa, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe, kwenye kijiji kilicho juu ya bonde lenye chemchemi za maji moto. Mume wangu naye ni wa wazazi waliovuka mpaka. Nayasema haya mapema kwa sababu nyumba yetu, nyumba ya wachuma kahawa, ndiyo Bwana Afya aliyoitaja ya kwanza siku alipobadilisha mambo ya bonde lile, na tangu siku hiyo sikuacha kujiuliza huyu ni mtu wa namna gani.

Maji yale yanatoka chini ya mwamba, ya moto sana pale yanapochomoza, halafu yanapoa kadiri yanavyoshuka, mpaka kwenye vidimbwi ambavyo mtu anaweza kukaa na kutulia. Walikuja watu wa mifupa, watu wa ngozi, na wengine waliochoka tu. Walitoka Kituntu, walitoka Rugera, wengine ng'ambo ya mto Kagera. Wafugaji nao waliteremsha ng'ombe kutoka rweya, yale malisho ya wazi juu ya vilima, wakawaacha walambe udongo wenye chumvi chini kidogo ya vidimbwi. Hakuna aliyesema bonde ni lake. Wagonjwa walijijengea vibanda vya majani hapo hapo, wakakaa wiki au mwezi, wakapika hapo, na haja zao wakazimalizia hapo.

Vita ya mwaka sabini na nane ilipokwisha, watu waliongezeka. Wanajeshi walikuwa wamepita na kuoga, habari zikaenda nao mbali. Vibanda vikajaa, na mvua zilipoanza watu wakaanza kuharisha. Ndipo Bwana Afya alipotumwa kutoka wilayani. Alitumwa aje kufunga bonde.

Hii nilisimuliwa na mgambo aliyefuatana naye. Walikuja na ubao ulioandikwa neno MARUFUKU, na misumari. Bwana Afya alizunguka bonde lote akiwa amefunga leso puani. Akarudi juu kwenye vidimbwi, akavua viatu, akavua soksi na kuzikunja vizuri juu ya jiwe, akaingia majini na kaptula yake ya kaki. Akakaa humo mpaka mgambo akasinzia. Alipotoka, mgambo akamuuliza, "Mzee, ubao tuupigilie wapi?"

"Maji hayana kosa," akasema. "Kosa ni mahali watu wanapolala."

Ubao waliupeleka kijijini, wakamkabidhi mwenyekiti auweke. Nadhani ulikuja kuwa mlango wa banda la mbuzi.

Siku zilizofuata alipita nyumba kwa nyumba. Hakuuliza nani ana chumba wala nani ana kitanda. Alizunguka nyuma. Alikuwa na fimbo ndefu ya kupimia kina cha shimo, na aliitumia bila haya hata kama wakwe zako wamekaa uani wanakutazama. Mwishoni akaitisha mkutano, akasema wagonjwa wa bondeni watalala kijijini, katika nyumba zitakazowapokea kwa zamu, na vibanda vitang'olewa. Kisha akaanza kutaja nyumba zilizofaa. Ya kwanza ilikuwa yetu. Ya pili ya jirani yetu Leokadia na mumewe. Ya tatu ya mjane mmoja wa wafugaji aliyekuwa ametulia kwenye ukingo wa rweya. Kunong'ona kukaanza.

Mzee mmoja mwenye kibanja kikubwa alisimama. "Bwana Afya," akasema kwa upole, "hawa ni watu wa vibarua. Mtu mzima anayetoka kwao na heshima zake utamlazaje huko?"

Bwana Afya alimtazama. "Choo chako nimekiona," akasema.

Yule mzee aliketi, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa amechimba kipya. Kwa kweli watu wengi walichimba. Baadaye nilimsikia Bwana Afya akimwambia mwenyekiti kwamba uchafu hauna kabila na usafi nao hauna, na kwamba wachuma kahawa wana vyoo vizuri kwa sababu wamezoea kukaguliwa na kila mtu.

Taratibu za zamu zilikuwa chache na zote zilitoka kichwani mwake. Mgeni hachagui nyumba, na nyumba haichagui mgeni. Mgeni anakula kinacholiwa. Anakuja na alichonacho, chumvi, sabuni, mchele akiwa ametoka mjini, na asiye na kitu haulizwi. Hakuna atakayejenga chochote bondeni, hata kibanda cha kuuzia chai. Ng'ombe wanashuka asubuhi upande wao, watu wanaoga upande wao. Na jambo alilolisisitiza kuliko yote, ni kwamba mgeni asisumbuliwe na maswali. Aulizwe anaumwa wapi, basi.

Tuliona haiwezekani, lakini ikawezekana. Nilikuja kupenda zile jioni. Uliweza kumpokea fundi baiskeli wa Rugera leo, na keshokutwa mama wa Kituntu mwenye goti lililovimba, na wote ukawakaribisha kwa kikapu kidogo cha buni za kutafuna, kisha ndizi na maharage. Walitusimulia mambo ya kwao. Watoto wangu walijifunza dunia hapo kwenye mkeka wetu.

Kuna siku alikuja mnunuzi wa kahawa, mtu mnene mwenye gari, mguu umemkaza. Zamu ilikuwa ya yule mjane wa wafugaji. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na ndama walilala chumba cha mbele. Mnunuzi alipooneshwa akarudi hadi kwa Bwana Afya, amekunja uso.

"Nimeona nyumba ya bati pale barabarani," akasema. "Nipeleke pale."

"Ile si zamu yake."

"Wewe unanijua mimi ni nani?"

"Unaumwa mguu," Bwana Afya akamjibu.

Yule bwana aliwasha gari akaondoka. Kesho yake mchana akarudi, anachechemea zaidi, akaenda mwenyewe kwa mjane. Alikaa siku nyingi. Mjane alimpa maziwa ya kugandishwa asubuhi na jioni, na usiku ndama walimpumulia mlangoni. Alipoondoka alimwomba mjane amuuzie kibuyu cha maziwa. Mjane akakataa, akampa bure. Tangu hapo kila mwaka alirudi, na kila mwaka aliuliza kwanza, kwa sauti ya chini, zamu ya yule mama ni lini.

Sasa nieleze jambo lililonishangaza kuliko yote. Bwana Afya mwenyewe hakupokea mgeni hata mmoja. Alikuwa na nyumba nzuri ya matofali, vyumba vimebaki wazi, choo ambacho tuliambiwa tukakitazame kama mfano. Lakini zamu ikifika kwake iliruka. Hakula kwa mtu pia. Ukimkaribisha chakula alisema ameshiba, alichukua buni moja kwenye kikapu kwa adabu, akaitafuna akiwa amesimama. Alikuwa na redio aliyoifungulia taarifa ya habari tu, na muziki ukianza aliizima. Hata hivyo kwaya ya kanisani ikifanya mazoezi ungemkuta amekaa nje kwenye jiwe, mgongo umeegemea ukuta, mpaka waimbaji wamalize. Ukimsemesha aliinuka akaenda zake.

Nilimuuliza siku moja. Nilikuwa nimezoeana naye vya kutosha, na udadisi ulikuwa umenizidi.

"Bwana Afya, mbona wewe hupokei?"

"Sipendi watu wakae kwangu, Mama Adela."

"Na ndiye uliyetuletea zamu."

"Mtu anayependa wageni hawezi kupanga mambo ya wageni," akasema. "Atafikiri wote wanapenda kama yeye. Mimi najua mgeni anachukiza wapi. Anachukiza akichagua, akikaa bila kujua anaondoka lini, na akipikiwa chakula ambacho watoto wa nyumba hawapewi. Basi hayo nimeyaondoa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nadhani alikuwa anasema kweli kabisa.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka miaka ya tisini, watu walipovuka mto kutoka Rwanda kwa maelfu wakikimbia mauaji. Makambi yakajaa wilayani kwetu, na nyuma ya wakimbizi wakaja wafanyakazi wa misaada na magari yao meupe. Watu wale walikuwa na kazi ngumu sana, na Jumamosi walitafuta mahali pa kupumzisha macho. Wakasikia habari za maji moto. Jumamosi ya kwanza waliteremsha magari mpaka bondeni, ng'ombe wakakimbia, na bibi mmoja aliyekuwa anaoga akajifunika kwa majani ya mgomba huku wanampiga picha.

Jumamosi iliyofuata walimkuta Bwana Afya ameketi katikati ya njia juu ya kilima, kwenye kigoda, anasoma gazeti kuukuu. Hakuinuka. Alimwambia dereva kwamba magari yanaishia pale, kushuka ni kwa miguu, kamera zinabaki kwenye gari, na wakitaka kulala kuna zamu. Wengine waligeuza. Wengine wakashuka. Na waliolala, walilala kwetu vile vile kama fundi baiskeli wa Rugera, wakala ndizi na maharage. Mmoja wao, msichana muuguzi, alilia usiku kucha chumbani kwangu kwa aliyoyaona kambini, na hakuna aliyemuuliza neno. Asubuhi alishuka majini, aliporudi akanisaidia kumenya ndizi. Alimenya vibaya sana.

Kwa ajili ya magari hayo ndipo tulipofikiwa na yule tuliyemwita bwana wa hoteli. Alitoka Mwanza. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuja na suti, akavua koti, akashuka bondeni kwa miguu kama watu wote, akarudi jasho linamtoka na macho yanang'aa. Akaomba kijiji kimkodishe bonde. Atajenga hoteli ndogo, ataweka uzio, ataleta watalii kutoka mbali hata wakimbizi wakisharudi kwao. Na kwa kijiji atafanya mambo mawili ambayo tulikuwa tukiyaombea tangu niolewe. Atachimba barabara ya kupitisha gari hadi kijijini, na atatujengea zahanati.

Hapo ndipo watu walipogawanyika, mpaka ndani ya nyumba. Wanawake tulijua zahanati maana yake nini. Mama mjamzito wa kwetu akizidiwa alibebwa kwa machela ya miti mpaka barabara kuu, huko ndiko mkasubiri gari, likija. Mimi nilitaka hoteli. Mume wangu hakutaka. Tulilala kila mtu amegeukia ukuta wake.

Mkutano ulifanyika mchana, uwanjani kwa kanisa. Bwana wa hoteli alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, bila majivuno. Kisha watu wote wakamgeukia Bwana Afya. Tulijua ataongea. Tulijua pia atakataa, kwa sababu bonde lile ni kama yeye ndiye aliyelilea.

Alisimama, akavua kofia. "Nina maswali mawili tu," akasema. "Mtu wa Rugera mwenye ngozi mbaya ataingilia wapi?"

"Tutakuwa na siku ya wenyeji," bwana wa hoteli akajibu. "Jumatatu, kwa mfano. Bila malipo."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe tutawatafutia mahali pengine penye chumvi."

"Hakuna pengine," yule mjane wa wafugaji akasema kutoka nyuma.

Bwana wa hoteli akakubali kwamba hilo linahitaji kuangaliwa. Bwana Afya akamshukuru, akavaa kofia, akakaa. Tulisubiri aendelee. Hakuendelea. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kuongeza, akatikisa kichwa.

Tulipiga kura kwa mbegu. Kila mtu mzima alipewa buni moja na harage moja, akaingia kanisani peke yake, akatumbukiza moja kwenye mtungi. Buni ni kukubali, harage ni kukataa, na inayobaki unaitupa kwenye shimo la choo. Mimi nilitumbukiza buni. Bwana Afya, ambaye kwa miaka hiyo alikuwa ameshakuwa mwanakijiji kama sisi, aliingia wa mwisho, akatoka vile vile alivyoingia. Mtungi ulipomwagwa kwenye ungo mbele ya wote, maharage yalikuwa yamezidi. Hayakuzidi kwa mengi. Bwana wa hoteli alipeana mikono na kila mtu, akapanda gari lake, na hatukumwona tena.

Walioshinda walimshangilia Bwana Afya kwamba yale maswali yake mawili yameokoa bonde. Tulioshindwa tulisema ni yeye aliyetunyima zahanati, na kwa ujanja, bila hata kuonekana anapinga. Yeye hakuwajibu hao wala hao. Jumamosi alikuwa juu ya kilima kwenye kigoda chake.

Mvua za mwaka uliofuata, Leokadia alishikwa na uchungu.

Leokadia alikuwa jirani yangu, tumepanda maharage pamoja, tumelea watoto pamoja. Mtoto alikaa vibaya. Mkunga alihangaika, kisha akasema abebwe. Wanaume walimweka kwenye machela, na Bwana Afya alikuwa mmoja wa wabebaji, ingawa nywele zake zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeupe. Nilikwenda nao nikiwa nimemfunika kwa kanga. Njia ilikuwa tope tupu, wabebaji wanateleza, wanapokezana, wanateleza tena. Leokadia alinishika mkono mpaka tulipofika kwenye mto mdogo. Hapo akauachia. Tulimpitisha mto tukiwa bado tunajidanganya, na kule barabarani, kabla ya gari lolote kupita, mkunga akatuambia tumshushe chini.

Siku ya mazishi shangazi yake alisema mbele ya kaburi, wala hakupaza sauti, "Tungekuwa na zahanati." Watu wote tuligeuza macho upande mmoja. Bwana Afya alikuwa amesimama karibu na mume wa Leokadia, ameshika kofia kwa mikono miwili. Aliinamisha kichwa. Hakujitetea siku ile, wala miezi iliyofuata, wakati watu walipoanza kuacha kumsalimia njiani. Mimi nilimpa shikamoo kwa sababu nilifunzwa adabu, lakini sikuongeza kitu.

Alichofanya ni kubadilisha utaratibu wake mwenyewe. Aliyetukataza kumsumbua mgeni alikuja kutuambia kwamba tangu sasa kila mgeni, kabla ya kuoga, atatoa asubuhi moja kwenye barabara. Asiyeweza kushika jembe abebe mawe. Asiyeweza kubeba akae awachambulie wengine maharage ya mchana. Yeye mwenyewe, ambaye hatukuwahi kumwona akilima hata tuta la mboga, alikuja na jembe jipya. Mtu wa kwanza kuungana naye alikuwa mume wa Leokadia. Walichimba wawili kwa siku kadhaa bila kuongea, sisi tukiwatazama kutoka vibanjani. Kisha tukaenda.

Barabara ile ilichimbwa na watu wenye magoti mabovu. Ilichimbwa na mnunuzi wa kahawa, aliyetokwa jasho akafurahi kama mtoto. Ilichimbwa na wafanyakazi wa misaada pia. Mmoja alimuuliza mkalimani kama hii kazi ni sehemu ya ziara.

"Mwambie hii ndiyo ziara," Bwana Afya akasema.

Ilichukua muda mrefu, na kila mvua ilikula sehemu yake tukarudia. Lakini ilifika siku pikapu ya parokia ikapanda mpaka kijijini, na mama aliyefuata kuzidiwa alikwenda hospitali amelala kwenye godoro. Alirudi na mapacha. Siku hiyo watu walimkumbuka Leokadia, na hasira dhidi ya Bwana Afya ikapungua, ingawa haikwisha. Kwangu haikwisha.

Alipostaafu alihamia Nyaishozi, akajenga karibu na senta ndogo ya maduka iliyopo barabarani. Huko ndiko kwa mama yangu. Nilipita mara kadhaa nikiwa nimekwenda kumwona mama na sikuingia. Halafu mwaka mmoja, kuelekea mwisho wa miaka ile ya tisini, nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, juani, amejifunga blanketi miguuni. Alikuwa amekonda. Nikaona aibu kupita.

"Shikamoo Bwana Afya."

"Marahaba, Mama Adela. Kaa."

Mkewe alituletea chai. Aliniuliza habari za bonde, nikamwambia zamu zinaendelea, kijana fulani sasa ndiye anayekaa juu ya kilima Jumamosi, wafanyakazi wa misaada wengi wameondoka na wagonjwa wa Rugera wamebaki. Alisikiliza kila kitu. Aliuliza habari za ng'ombe. Kisha nikajikuta nimesema lililonikaa kifuani miaka yote.

"Siku ile kanisani ungesema neno moja tu, watu wangekubali hoteli. Walikuwa wanakusikiliza wewe."

"Neno gani?"

"Kwamba tunahitaji zahanati. Wewe ni mtu wa afya."

Alishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Nilikuwa mtu wa serikali," akasema. "Bonde ni lenu. Ningesema ndiyo, mngesema ndiyo. Yakiharibika mngesema ni Bwana Afya. Niliuliza nilichokuwa sikijui, basi." Akanywa chai kidogo. "Lakini mtungini niliweka buni."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Niliweka buni," akarudia. "Nilishabeba machela nyingi."

Nilimwona tena pale kaburini, kofia mikononi, kijiji kizima kikimtazama. "Mbona hukusema? Tulikulaumu. Watu waliacha kukusalimia."

Alimtazama mkewe akiingia ndani, akasubiri mlango urudi.

"Asubuhi ile ya mazishi mume wa Leokadia alinifuata kwangu," akasema. "Aliniambia aliweka harage. Alikuwa amekaa sakafuni, nyumbani kwangu, ananiambia, Bwana Afya, mimi ndiye niliyemuua mke wangu. Sasa mimi niende kwa watu niseme mimi niliweka buni? Watu wangeacha kunitazama mimi, wangeanza kutazamana. Wangemfikia." Akavuta blanketi. "Acha wanitazame mimi. Mimi ni mtu wa kuja."

Aliniomba nisimwambie mtu. Nimetimiza. Ninaandika leo kwa kuwa yeye na mume wa Leokadia wote wametangulia, na watoto wa Leokadia ndio walioniambia niandike, baada ya baba yao kuwaeleza mwenyewe karibu na mwisho wake.

Kabla sijaondoka nilimuuliza kama leo bwana wa hoteli angerudi, angeweka nini. Lilikuwa swali la udadisi tu, kama yale ya zamani. Alilifikiria kweli kweli.

"Sijui, Mama Adela," akasema. "Ningetaka kumsikia tena."

Gari la kwetu lilinishusha jioni mwanzo wa kijiji, nikatembea kwenda nyumbani. Nikipita kwa mume wa Leokadia nilisikia harufu ya ndizi zinachemka. Ilikuwa zamu yake. Alikuwa na mgeni kutoka Kituntu, mzee wa mgongo, na binti mkubwa wa Leokadia alikuwa anatandika mkeka. Mwenye nyumba aliniona njiani akaniita niingie. Niliingia, nikanawa, nikakaa, tukapakuliwa.

"Unatoka Nyaishozi?" akaniuliza.

"Ndiyo. Nimepita kwa Bwana Afya. Anakusalimia."

Hilo la salamu nililitunga. "Hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Miguu tu."

Alisimama, mwiko mkononi, akimtazama mgeni wake anavyokula. Kisha akainama, akaniongezea ndizi kwenye sahani, nami sikusema nimeshiba. Nikala.